Vioo Vinne vya Mzee Beja

Nianze na chupa, maana nikikumbuka kazi yangu, cha kwanza kunipandisha hasira ni chupa. Kwa miaka thelathini na kitu nilikaa katika maabara ya hospitali moja huku kusini mwa Pwani. Kazi yangu ilikuwa kupokea vipande vya nyama vilivyotolewa miilini mwa wagonjwa, kuvigandisha ndani ya nta, kuvikata vyembamba mpaka mwanga upite, kuvilaza juu ya vipande vya kioo, kuvitia rangi na kumwekea daktari chini ya darubini. Na miaka yote hiyo niliwaomba watu kitu kimoja tu: chupa yenye mdomo mpana, na ndani yake formalini, ile dawa kali inayozuia nyama isioze. Nilibandika tangazo mlangoni. Nikabandika jingine wodini. Nililisema mikutanoni mpaka wakawa wakiniona nasimama wanatazama saa.

Nikaletewa nyama katika chupa ya dawa ya kikohozi. Nyama huingia ikiwa laini kama maini, ikishalowa formalini inakakamaa, na kwa mdomo ule mwembamba haitoki tena. Nimevunja chupa kwa nyundo, mtu mzima na miwani yangu, kisha nikaokota vigae kimoja kimoja, maana kigae kimoja kikibaki nyamani kinaharibu kisu cha mashine. Nyingine ilitoka kituo kimoja upande wa Lunga Lunga ikiwa ndani ya maji ya dripu, siku mbili njiani, kwa joto hili letu. Nilipofungua kifuniko, jengo zima lilijua. Aliyeileta akaniuliza kwa upole kama majibu yatakuwa tayari jioni.

Siku ya kuniaga, nyinyi vijana wa maabara mliniomba niwaandikie niliyojifunza. Najua mlitaka maneno mazuri. Lawama ninazo nyingi kuliko maneno mazuri, na msinune, kwa sababu iliyo kubwa kuliko zote inanihusu mwenyewe.

Tuzungumze juu ya tezi dume, ile tezi iliyokaa chini ya kibofu cha mkojo cha mwanamume. Kijana hajui kama anayo. Akizeeka ndipo inapovimba na kuubana mkojo, na mwanamume wa huku akianza kukojoa kwa shida atasingizia kila kitu ila tezi. Atasema ni kichocho, kwa kuwa utotoni alikuwa akioga mtoni. Atasema ni baridi, au ni jirani. Atakunywa mizizi ya kila mti, na atakapofika kwetu kibofu kimemjaa mpaka kitovuni, na mwanawe amesimama pembeni kama wakili.

Vipande vingi vya tezi dume nilivyokata vilikuwa vya namna mbili: tezi iliyokua tu kwa uzee, na saratani ya tezi yenyewe. Lakini iko ya tatu, adimu, inaitwa limfoma. Ni saratani ya chembe nyeupe za damu, zile za kinga. Kawaida yake huvimbisha mitoki ya shingoni, makwapani na kinenani, ila mara moja moja huamua kwenda kukaa katika tezi dume. Kwa nje huwezi kuitofautisha na zile mbili. Mkojo hautoki, tezi imevimba, mzee anakonda. Matibabu ndiyo yanayotofautiana kabisa. Saratani ya tezi dume ikishaenea, njia mojawapo ya kuizuia ni kumwondoa mtu korodani, maana homoni za korodani ndizo zinazoilisha. Limfoma haina habari na korodani. Ukimkata mwenye limfoma umemkata bure, na ugonjwa unaendelea na safari yake. Yenyewe inataka dawa za mishipani, na ikizipata mapema mara nyingi hunywea.

Chini ya darubini, tezi ya kawaida ina vijumba vijumba, kama sega la nyuki. Saratani ya tezi huvivuruga vijumba hivyo, lakini bado unaona kwamba inajaribu kujenga. Limfoma haijengi chochote. Utaona chembe ndogo za buluu, moja moja, kama mtama uliomwagika sakafuni. Kinachokera ni kwamba hata uvimbe wa maambukizi una mtama huo huo, na ziko saratani nyingine kali ambazo nazo zimesahau kujenga. Kuzitenganisha kunataka rangi maalumu ambazo kwetu hazipo. Vioo hupelekwa Nairobi, na kila rangi inakula kioo kimoja. Kioo kikitiwa rangi isiyofaa, kimepotea.

Aliyenifundisha kukata alikuwa marehemu Bwana Salim, mtu wa maneno machache, mwenye kanzu nyeupe kuliko koti langu la kazi. Kila nilipomaliza kukata alikuwa na swali moja: "Ya mgeni iko wapi?" Nyumbani kwao, kama kwetu, chakula hakipakuliwi chote; hubakizwa sahani ya mgeni ambaye hajabisha hodi. Alitaka nami nibakize vioo vichache visivyotiwa rangi, kwa ajili ya swali ambalo bado hakuna aliyeliuliza. Mimi niliona ni mambo ya kizee. Nyama ni ya kukatwa, nikasema moyoni, kwa nini ikae kabatini?

Ndipo akaja Mzee Bakari wa Tiwi. Nyama yake ilichukuliwa kwa sindano, nyuzi mbili nyembamba kama tambi. Siku hiyo nilikuwa na haraka, na nilikuwa najiona hodari. Nikazungusha mashine ipunguze nta nifike kwenye nyama, nikazungusha, nikazungusha tena, na nilipotazama, nusu ya nyama ilikuwa chini ya meza pamoja na takataka za nta. Iliyobaki nikaikata yote na kuitia rangi yote. Daktari akaona mtama. Akaandika kwamba huenda ni maambukizi, akaomba vipande zaidi vipelekwe Nairobi. Nikamwambia havipo. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza.

Mzee Bakari akapewa vidonge akarudi Tiwi. Baada ya miezi minne mitoki ilikuwa imemjaa shingo nzima. Ukakatwa mmoja, ikaonekana ni limfoma, na daktari alipokirejea kile kioo cha zamani akasema ilikuwa hapo tangu siku ya kwanza. Kufikia hapo mwili ulikuwa hauna tena nguvu ya kubeba dawa. Mwanawe anauza nazi karibu na njia ya kwetu. Kila asubuhi ananiamkia shikamoo, nami naitikia marahaba nikiangalia nazi. Nilikosa, vijana, na kosa hilo sijapata mahali pa kuliweka. Toka siku hiyo sikuwahi kukata nyama bila kubakiza ya mgeni.

Sasa sikilizeni habari ya Mzee Beja, maana huyu bado yu hai na inawahusu.

Mzee Beja ni Mduruma, mfugaji wa upande wa Taru, miaka sabini na kidogo, mrefu, mwenye kuongea na ng'ombe wake zaidi kuliko na watu. Aliletwa na mwanawe wa kwanza, Mwalimu Ndoro, mtu mstaarabu, shati limepigwa pasi, kalamu mfukoni. Mzee alikuwa amewekewa mpira wa mkojo na tezi yake imevimba vibaya. Nyama ikachukuliwa kwa sindano, na alhamdulillahi ikaja katika chupa ya mdomo mpana, formalini tele. Nilifurahi kwa dakika moja. Kisha nikasoma fomu. Mahali pa kueleza historia ya mgonjwa palikuwa na maneno matatu: mwanamume, mkojo hautoki.

Hebu niambieni. Mtu akitaka kusafirisha mbuzi mmoja kutoka Taru, karatasi yake ina maelezo zaidi ya hayo.

Nikakata. Vioo viwili nikavitia rangi ya kawaida, vinne nikaviweka vya mgeni. Cha tano cha mgeni nyama haikutoa. Jumatano akaja daktari wa patholojia, yule anayesoma vioo, ambaye alikuwa akitoka Mombasa mara moja kwa wiki, nasi tukamzoea kwa jina la Daktari wa Jumatano. Akatazama kwa muda mrefu. Mtama, safari hii mwingi na wenye sura mbaya. Akaandika kwamba ni saratani ambayo aina yake haijajulikana, na kwamba wangoje. Daktari wa upasuaji, kijana mwenye mikono mizuri na kazi nyingi kupita kiasi, akasoma neno saratani akaishia hapo. Jina la Mzee Beja likaingia katika orodha ya Alhamisi ya wiki iliyofuata, akatwe korodani.

Nilimuuliza Daktari wa Jumatano kwa nini vile vioo vinne havijaenda Nairobi. Akavua miwani. Alisema kipimo cha damu cha tezi dume cha mzee huyu kiko chini, jambo la kushangaza kidogo kwa mwenye saratani ya tezi iliyofika hapo, lakini kwa hilo peke yake hawezi kukata shauri. Rangi ziko nyingi, na vioo ni vinne. Kuchukua nyama nyingine ni hatari, maana ile sindano ya kwanza ilimwacha mzee na homa na damu siku tatu.

"Niambie huyu mtu ana nini zaidi ya mkojo," akasema, "nami nitakuambia rangi zipi."

Nikapanda wodini na fomu yangu mkononi. Daktari aliyekuwa zamu, binti mwenye adabu zake, akaniapia kwamba mzee ameulizwa kila kitu. Una mitoki? Hakuna. Unatokwa na jasho la kupita kiasi? Hakuna. Umekonda? Hakuna. Nikamuuliza aliulizwa kwa lugha gani. Akasema Kiduruma, Mwalimu Ndoro ndiye aliyekuwa akitafsiri, amesimama hapo kichwani pa kitanda.

Hapo ndipo hasira ziliponipanda hasa. Binti huyo hakuwa mtu wa bara. Amezaliwa huku huku, na baba anaye. Ni baba yupi wa huku amewahi kumweleza mwanawe wa kwanza habari za kinena chake? Baba na mwana hawazungumzi hata juu ya nguo za ndani zilizoanikwa. Umemweka mwana katikati, umemuuliza mzee habari za sehemu zake za siri, akajibu hakuna, nawe ukaandika hakuna. Alichojibu mzee ni heshima yake. Ugonjwa wake hujauuliza.

Nikaingia, nikamwamkia mzee, akaitikia bila kunitazama. Mwalimu Ndoro nikamwomba aende dirisha la rekodi akanitafutie kadi ya zamani ya baba yake. Dirisha hilo nilijua lina foleni ya saa nzima. Alipotoka, nikavuta kiti, nikamweleza mzee kwamba nyanya yangu mzaa mama alikuwa Mduruma wa Taru, nikamtajia ukoo. Akageuza shingo. Akaniuliza jina la baba yake nyanya. Akahesabu kwa vidole, akarudia kuhesabu. Ikatokea kwamba nyanya yangu na yeye ni ndugu wa ukoo mmoja, kwa hivyo mimi, mama wa miaka hamsini na kitu mwenye wajukuu wangu, ni mjukuu wake. Na babu wa kwetu humwita mjukuu wake wa kike mke. Ndio utani wetu, na penye utani huo aibu hutoka nje yenyewe.

"Basi wewe ni mke wangu," akasema. "Mbona umechelewa hivi?"

"Nilikuwa natafuta mume mwenye meno, tsawe," nikamjibu. Tsawe ndiye babu katika lugha zetu.

Akacheka mpaka nikaushika mpira wa mkojo usije ukachomoka. Baada ya hapo sikuwa na haja ya kuuliza. Alinieleza kwamba anayo mitoki kinenani tangu miezi mitano, lakini si kitu, ni mwiba uliomchoma mguuni malishoni, na kila mtu anajua kwamba mguu ukiumia mtoki hutokea. Alinieleza kwamba akiamka asubuhi shuka lake limelowa jasho la kukamuliwa. Akanionyesha mkanda wake: matundu matatu mapya, ameyatoboa kwa msumari. Nikamwomba ruhusa, nikampapasa kwapa. Palikuwa na vinundu viwili, vigumu kidogo, vinateleza chini ya kidole.

"Mwiba ulichoma mguu, tsawe," nikasema. "Hapa kwapani pamechomwa na nini?"

Mzee hakuwa mjinga. Alikuwa amejiuliza swali hilo peke yake muda mrefu.

Nikamuuliza kama anajua Alhamisi anafanyiwa nini. Akasema Mwalimu amemwambia kuna kijiziba kidogo kitafunguliwa mkojo upite, akaweka dole gumba kwenye karatasi. Nami sikuwa na kibali cha kumwambia, hiyo ni kazi ya daktari, lakini nilimwambia.

"Ng'ombe nimehasi kwa mikono yangu tangu ujana," akasema. "Hakuna hata mmoja niliyemdanganya kwamba namkata kucha."

Msimlaumu Mwalimu. Neno lenyewe lilimshinda kulitamka mbele ya baba yake, kama vile baba alivyoshindwa kutamka mtoki mbele ya mwana. Wote wawili walikuwa wakistahiana, na heshima hiyo ingemfikisha mzee juu ya meza ya upasuaji. Nasi tuliozaliwa na desturi hiyo tulisimama tunatazama, kalamu mkononi.

Nilijaza ile fomu mpaka nafasi ikaisha nikageuza nyuma. Nikampigia simu Daktari wa Jumatano nikamsomea. Akavuta pumzi, akasema vioo viwili viende kwa rangi za chembe nyeupe, kimoja kwa rangi ya tezi dume, na cha nne nisikiguse. Hata yeye alikuwa amejifunza ya mgeni. Vioo vikaondoka siku hiyo hiyo. Kisha nikamfuata daktari wa upasuaji chumbani kwake, nikamwomba aahirishe.

"Bi Mwanasha," akasema, "wewe ni maabara."

"Ndiyo," nikasema. "Na maabara haijamaliza kusema."

Hakufurahi, wala mimi sikufurahi. Lakini alichukua fomu, akasoma mbele, akasoma nyuma, akaichukua orodha ya Alhamisi akalipiga jina mstari. Kijana anayeweza kufuta aliyoandika mwenyewe namheshimu, na nilimwambia hivyo baadaye.

Majibu yalirudi baada ya siku tisa. Rangi ya tezi dume haikushika kitu. Rangi za chembe nyeupe zilishika vioo vyote viwili, kahawia tupu. Limfoma. Mzee Beja akapelekwa Mombasa akaanzishiwa dawa za mishipani. Zilimwangusha nywele na kumtapisha, akazitukana zote kwa majina. Baada ya mzunguko wa pili wa dawa mpira ulitolewa na tezi imenywea. Alikuja dirishani kwangu pale maabara kunieleza jinsi anavyokojoa sasa, umbali na mlio wake, maelezo ambayo nyinyi vijana hamna umri wa kuyasoma. Nilienda nyuma ya kabati nikalia. Nilikuwa nikimlilia Mzee Bakari.

Siku hizi mambo ni mepesi, nanyi mnapenda kunikumbusha. Picha ya kioo inapigwa kwa simu inafika Nairobi kabla chai haijapoa. Mashine mpya inajikatia yenyewe. Nafurahi, kwa kweli nafurahi, ingawa mwenzenu mmoja alikata bloku nzima, ile nta yenye nyama, juzi kabla sijaondoka, na nilipomuuliza ya mgeni akaniambia, "Si tulipiga picha, madam?" Picha haitiwi rangi ya pili, baba. Hakuna simu inayoweza kurudisha nyama iliyokwenda na takataka. Na hakuna simu inayompapasa mtu kwapa.

Wiki chache kabla sijastaafu, Mzee Beja alikuja kliniki yake kama kawaida. Nywele zimerudi, nyeupe, fimbo mkononi, Mwalimu Ndoro pembeni, shati limepigwa pasi. Walikuwa wametoka kwa daktari. Nikamuuliza mzee hali. Akasema hali njema, hakuna neno. Nikaitazama kadi yake: hakuna mitoki, hakuna jasho, hakuna shida. Mkono mmoja uliandika hakuna mara tatu, na kwa haraka.

Nikamwomba Mwalimu anisaidie kitu dirisha la rekodi.

Mzee alingoja mpaka shati lile jeupe lilipokata kona. Kisha akaegemea dirishani, akashusha sauti.

"Mke wangu, kimerudi. Kwapa la kushoto. Kama korosho."

"Umemwambia daktari?"

"Daktari alikuwa na Mwalimu."

Nilimshika mkono nikamrudisha mwenyewe kwa daktari, nikamfungia Mwalimu mlango kwa adabu zote. Kilikuwa bado kidogo, kimoja, na yuko kwenye dawa tena, na wanasema kimewahiwa. Alikuwa amekuja nacho kutoka Taru, saa nne njiani, akakipitisha mbele ya daktari akakileta dirishani kwangu, kwa sababu hapo ndipo alipozoea kusema.

Na mimi dirishani sipo tena. Mpo nyinyi. Mzee Beja huja Jumanne ya kwanza ya kila mwezi. Kama huna nyanya wa Taru, mwite tsawe tu, vuta kiti, na usiwe na haraka. Lakini kabla hujamuuliza neno lolote, mtoe mwanawe nje.